Nyeusi Ndani ya Zambarau

Kwa Mzee Melkiori,
Nyuma ya kanisa, Maisaka,
Babati.
21 Juni 2025

Mpendwa wifi yangu Mama Clara,

Mmeamkaje huko Songea? Shemeji yangu Clemence hajambo? Mama mkwe wangu mpe shikamoo yangu sasa hivi, kabla hujasoma mstari mwingine, maana ukisubiri umalize barua yote utasahau, nakujua. Goti lake linaendeleaje na baridi hiyo ya kwenu? Na mgongo wako je? Mara ya mwisho ulisema unaogopa hata kuinama kuchukua ufagio. Sijui kama ni mgongo au ni uvivu, lakini nakuombea kwa vyote viwili.

Sisi huku hatujambo. Baridi ya Juni imeshika na kaka yako anavaa makoti mawili kwenda kuangalia mbaazi zake. Mahindi tumevuna, si mengi, si haba. Rogath bado yuko chuoni Arusha, anakumbuka kuwa ana wazazi pale anapoishiwa. Kuku wangu watano waliliwa na kicheche mwezi wa nne. Huo msiba tumeshaumaliza, usinipe pole.

Sasa wifi, kaa chini. Najua umeshangaa kupata barua ya kalamu wakati simu zipo. Kaka yako alitaka nikupigie tu, nikamkatalia. Nakuandikia kwa sababu naweza kuandika. Kwa miaka miwili sikuandika hata karatasi ya kwenda nayo sokoni. Tarehe 13 Mei nilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia, na sasa naona. Evelyne, naona! Haki ya Mungu naona mpaka vitu ambavyo sikutaka kuviona.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Ilianza polepole, kama mtu anayeangalia kupitia chimni ya taa ambayo haijafutwa masizi. Mwanzoni nililaumu balbu. Kaka yako akanunua balbu nyingine, nikailaumu na hiyo. Kisha nikalaumu uzi, kwamba siku hizi wanatengeneza uzi mbovu usiopita kwenye tundu la sindano. Asubuhi nikawa nawapa wanafunzi wangu wa kushona sindano kumi kumi wanitungie, eti ni sehemu ya mafunzo. Walinitungia vizuri tu, wakaniambia asante Mwalimu.

Wewe unamkumbuka mama yangu mzazi alivyoishia, amekaa ukutani anageuza uso kufuata sauti za watu. Tuliambiwa ni uzee, ni mapenzi ya Mungu, tukaitikia amina. Mimi nilijua kabisa kinachokuja. Na hospitali niliiogopa kuliko upofu wenyewe, maana nilishasikia kwa watu kwamba wanalitoa jicho, wanalilaza shavuni, wanaliosha, ndipo wanalirudisha. Usicheke. Na wewe ulikuwa unaamini hivyo hivyo mpaka juzi. Basi nikajikaza kisabuni, nikanyamaza, kazi ikaendelea.

Na kazi ilikuwa nyingi. Wanawake wangu ni kumi na mmoja sasa, Jumanne na Alhamisi, kwenye kile chumba nyuma ya kanisa. Mafundi cherehani wa sokoni wanatuwekea vipande vya vitenge ambavyo zamani walikuwa wanawashia moto, sisi tunaviunganisha tunapata mablanketi, mapazia, mikoba, vitambaa vya meza. Ukubwa wa kitanda cha sita kwa sita unakula vipande mia nne, na kila kipande kina mahali pake.

Unajua pia kwamba mimi siachi kitambaa kitulie. Nimechemsha maganda ya vitunguu nikapata rangi ya chai yenye moto ndani yake. Nimechemsha kokwa za parachichi nikapata waridi, kitu ambacho kaka yako hakuamini mpaka shati lake jeupe lilipoingia kwenye sufuria kwa bahati mbaya. Misumari yenye kutu nimeiloweka kwenye siki wiki nzima. Sweta za mitumba nimezichemsha mpaka zikasinyaa zikawa nzito kama mkeka. Wanafunzi wamezoea. Wakinikuta nachoma kitambaa kwa kaa la moto wanasema Mwalimu anajaribu kitu, wanapita.

Hiyo sifa ya kujaribu ndiyo iliyoniponza.

Mwezi wa pili wazee wa kanisa waliniomba nishone kitambaa kipya cha madhabahu kwa ajili ya Kwaresima. Kile cha zamani kilikuwa kimepauka mpaka kikawa kama maji ya kuoshea vyombo. Rangi ya Kwaresima unaijua, zambarau. Niliheshimika sana. Nilikusanya zambarau zote nilizokuwa nazo kwenye magunia yangu, nikazichagua mimi mwenyewe, sikutaka mtu anisaidie, kitu cha madhabahuni si cha kushikwashikwa. Nilizipanga kutoka iliyokolea kwenda iliyofifia, na katikati nikatokeza msalaba. Nilishona siku kumi na tisa. Nikakipiga pasi, nikakikunja, nikakipeleka, nikashukuru Mungu.

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima nilikaa benchi la tatu na kaka yako. Mchungaji Sosthenes akapanda, akasoma neno, kisha badala ya kuanza mahubiri akageuka akanyoosha mkono kwenye kile kitambaa. Akasema leo dada yetu Eliakunda ametutangulia kuhubiri. Akasema tazameni, wapendwa, ndani ya zambarau hii ameshona nyeusi. Nyeusi ya Ijumaa Kuu. Ametukumbusha kwamba kifo hakingoji mwisho wa Kwaresima, kimo ndani ya safari tangu siku ya kwanza, na msalaba hausimami mahali penye rangi nzuri tu. Aliendelea hivyo dakika arobaini. Akina mama walifuta machozi. Mzee mmoja wa nyuma aliitikia amina kwa sauti mpaka watoto wakacheka.

Na mimi, wifi, nilikaa pale nimepigwa na butwaa. Nikajiuliza, nyeusi ipi? Mimi sikushona nyeusi. Nilikodoa macho kwenye madhabahu, nikaona zambarau kutoka pembe hadi pembe, nyingine nzito, nyingine nyepesi. Ibada ilipoisha watu walinishika mkono, wakaniambia Mungu amekupa karama, nami nikitikisa kichwa na kuitikia kama mwizi aliyepongezwa kwa uaminifu.

Jumatatu nilimwita Coletha. Huyu ni msichana wa Nangara, watu wao ni wakulima waliotoka Mbulu, mpole, ukimuuliza kitu anaangalia vidole vyake vya miguu kwanza. Tukaingia kanisani wawili tu. Nikaweka kidole kwenye kipande nikamwuliza ni rangi gani.

"Nyeusi, Mwalimu."

"Na hiki?"

"Nyeusi."

"Na hiki?"

"Hiyo zambarau."

"Na hiki hapa, kwenye msalaba?"

Akaangalia vidole vyake vya miguu. Nikarudia. Akasema kwa sauti ya chini, "Bluu, Mwalimu. Ile ya sketi za shule."

Sketi ya shule, Evelyne! Kwenye msalaba wa Bwana! Nikaketi pale pale kwenye ngazi ya madhabahu ambapo hata mchungaji haketi. Nikamwuliza kwa nini hakuna hata mmoja aliyeniambia. Akasema walidhani najaribu kitu.

Nikamwambia aniletee na vitambaa vingine vyote tulivyoshona, vya kabatini. Alinisomea rangi kimoja kimoja kama mtu anayesoma majina ya waliofeli. Palipotakiwa kuwa peupe mimi nilikuwa nimechanganya nyeupe na manjano. Kijani na kahawia nilizioza pamoja kama mtu na mkewe. Na lililoniumiza zaidi ni kazi za wanafunzi wenyewe. Walikuwa wameniiga. Xaveria, mama mtu mzima wa Singe, ana wajukuu sita na macho ya tai, alikuwa ameshona blanketi zima lenye vipande vya manjano vilivyopotea ndani ya nyeupe, kwa makusudi, kwa sababu ule ndio mtindo wa Mwalimu. Miaka miwili nimefundisha watu kumi na mmoja kuona kama kipofu.

Hapo ndipo nilipolia. Sikulia kanisani, nililia nyumbani jikoni. Mwanafunzi wa huku hamwambii mwalimu wake amekosea. Atakunyamazia kwa heshima mpaka utumbukie shimoni, kisha atakuwa wa kwanza kukupa pole. Na mimi ndivyo nilivyolelewa, ndivyo nilivyowalea, kwa hiyo nimlaumu nani?

Jioni, wakati wa chai, nikamwambia kaka yako. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikasema tu, "Baba Rogath, sioni vizuri." Akaweka kikombe chini. Akakunja suruali yake kidogo akanionyesha miguu. Akasema, "Mama Rogath, mwaka mzima huu navaa soksi mbili tofauti. Nilikuwa nangoja uniambie." Kumbe mimi namwandalia, naye anavaa, anakwenda nazo kanisani, anakwenda nazo mikutanoni, mguu mmoja kijivu mwingine kahawia, ili nisijue. Nilitaka kumkumbatia na kumpiga kwa wakati mmoja.

Kesho yake akanipeleka hospitali. Daktari wa macho ni binti mdogo, anaweza kuwa mwanangu, ana sauti ya taratibu. Akanipiga taa jichoni, akaangalia, akaangalia tena. Akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekomaa mpaka limekuwa gumu. Akasema kumtoa huyo mtoto wa jicho si shida, na hapana mama, jicho halilazwi shavuni. Ila alisema jambo moja lililoninyima raha miezi miwili. Kwa lile la kulia hawezi kuona nyuma ya huyo mtoto wa jicho kuna nini. Kama mshipa wa jicho ni mzima, nitaona. Kama presha ya macho imeshaula, watatoa mtoto wa jicho na giza litabaki pale pale. Hatutajua mpaka tufungue.

Waliniandika kwa ajili ya siku madaktari wa upasuaji watakapokuja. Mara ya kwanza nilirudishwa kwa sababu ya presha ya damu, mara ya pili vile vile. Nani hapandi presha akiambiwa maneno kama yale?

Niliogopa, wifi. Sitakudanganya. Nilifunga kitabu cha mahudhurio nikawaambia wanafunzi tumepumzika kwa Pasaka, na Pasaka ikapita nimefunga bado. Nikawa nakaa barazani najizoeza kushona nimefumba macho, napapasa mshono kwa ukucha, nione kama nitaweza kuishi hivyo. Nilishona mfuko wa mto mmoja. Ulikuwa umenyooka kabisa, ila niliusahau upande wa kufungulia, nikaushona pande zote nne. Niliuweka mapajani nikakaa nao hivyo. Nilimwambia Mungu mimi si mtu wa kudai, umenipa miaka hamsini na nane ya kuona, lakini kama ni sawa kwako naomba uniachie hata rangi moja.

Siku ile ya tarehe 13 ilikuwa fupi ajabu. Sindano, kufunikwa shuka lenye tundu, taa, sauti za chuma kidogo kidogo, daktari anamwuliza mwenzake habari za mahindi ya kwao. Nusu saa tayari, bandeji, kalale. Nililala wodini na akina mama sita, wote jicho moja limefungwa, tunapigana vikumbo tukienda chooni.

Asubuhi wakaanza kutufungua mmoja mmoja. Nilikuwa wa nne. Aliyekuwa mbele yangu, bibi mmoja wa kutoka milimani, alifunguliwa akageuza kichwa huku na huku, kisha akasema anaona kama jana. Muuguzi akamshika bega. Sijui kwake ilikuwaje baadaye, namwombea mpaka leo.

Wakafungua yangu. Mwanzo mwanga tu, mweupe, mkali. Kisha mbele yangu, kwenye sakafu, kulikuwa na ndoo. Ndoo ya kudekia, ya plastiki, mpini umevunjika. Na ilikuwa ya bluu. Evelyne, mimi nilikuwa nimesahau bluu! Nilidhani naijua, nilidhani naiona kila siku, kumbe nilikuwa naona jina lake tu. Nikaanza kulia nimeinyooshea kidole ndoo chafu, nasema bluu, bluu, kama mtoto anayejifunza kusema. Muuguzi akanifokea, "Mama, acha kulia, utaharibu jicho!" Nikajaribu kuacha nikashindwa, akaiondoa ndoo.

Daktari alipopita akapima, akasema mshipa ni mzima, presha ya jicho iko vizuri. Kisha akanieleza kwamba mtoto wa jicho lile alikuwa ameshaanza kuvimba. Kama ningechelewa mwaka mwingine angeweza kupasukia ndani, na hapo hata yeye asingekuwa na la kufanya.

Ndipo nikarudi nyumbani, na hapo ndipo vituko vilipoanza. Nyumba yangu ilikuwa chafu, wifi! Mimi niliyekuwa nawasema wenzangu! Utando wa buibui juu ya kabati, masizi ukutani jikoni mpaka nikafikiri kumepakwa rangi. Kaka yako ameota mvi kichwa kizima, hakuna aliyeniarifu. Na kwenye kioo nikakutana na mama yangu mzazi, nikataka kumwamkia shikamoo. Nilifagia siku tatu mfululizo ingawa daktari alikataza kuinama. Nikifumba jicho la kulia nikaangalia kwa la kushoto, dunia inarudi kuwa rangi ya chai. Nikifumba la kushoto, inaoshwa. Nimefanya mchezo huo mara elfu.

Baada ya wiki mbili nilikwenda kwa Mchungaji Sosthenes kuungama. Nilimweleza yote, nyeusi, bluu, sketi ya shule. Alisikiliza mikono ameikunja, uso wake hausomeki. Nilipomaliza akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika. Akashusha pumzi akasema, "Mama Rogath, yale mahubiri nimeshayatoa kwenye mitaa mingine minne ya usharika." Kisha akacheka mpaka akavua miwani. Nikamwambia nitakifumua, nitoe nyeusi yote na ile bluu, nirudishe zambarau safi kabla ya Kwaresima ijayo. Akasema ni kazi yako, fanya unavyoona. Neno hilo la kuona alilisema kwa heshima.

Basi Alhamisi ya tarehe 12 nilifungua tena darasa. Nilianza kwa kuwaambia ukweli wote, bila kuuchuja. Nikawawekea sheria, kwamba kuanzia leo anayeona kosa la Mwalimu aliseme palepale, na anayenyamaza ndiye atakayefagia chumba. Wakaitikia ndiyo Mwalimu, kwa sauti moja, ile ile ya kunyamazia. Nikakitandaza kitambaa cha madhabahu mezani, nikachukua mkasi mdogo, nikatafuta mshono wa kwanza wa kufumua.

"Mwalimu, hapo unakosea."

Alikuwa Coletha. Masikio yamemwiva, lakini safari hii hakuangalia vidole vyake. Nikamwuliza nakosea nini, maana hata sijakata. Akasema nyeusi nisiitoe. Akasema ulipokuwa huoni uliipanga kwa uzito wake, nzito na nyepesi, ndiyo maana msalaba unasimama, ukiweka zambarau tupu utalala. Nikamwambia nilianza kushona kabla hajazaliwa. Akasema ndiyo Mwalimu, lakini utalala. Nilikasirika, sikufichi. Shingo ilipata moto.

Kabla sijajibu, Xaveria akadakia kutoka nyuma kwamba nyeusi ibaki lakini ile bluu ya shule ni aibu, itoke leo leo. Mwingine akasema bluu ndiyo nzuri kuliko vyote. Mwingine akasema yeye tangu mwanzo hakupenda hata kimoja, alikuwa anasema amina kwa ajili ya amani. Wakakibeba kitambaa nje kwenye jua, kila mmoja ameshika pembe yake, wanavutana, wanabishana kwa Kiswahili na kwa lugha za kwao, mpaka mama ntilie wa ng'ambo ya barabara akaja na mwiko wake kuuliza kuna ugomvi gani, naye akatoa maoni. Mimi nikabaki mlangoni na mkasi mkononi. Miaka miwili chumba kile kilikuwa kimya kama nyumba yenye mgonjwa. Hasira ikaniishia pale pale.

Nyeusi tumeiacha. Coletha alikuwa sahihi, na imenichukua siku tatu kukubali. Bluu imetoka, kwa kura saba dhidi ya nne.

Sasa wifi, nimebakiza jambo moja, na ni letu sisi wawili.

Jumapili iliyopita, tumetoka ibadani, nilikuwa nakusifia kwa kaka yako. Nilimwambia angalau blanketi la harusi ya Clara nililishona vizuri, maana Evelyne alinipigia akaniambia halina mfano, jeupe tupu kama nilivyoahidi. Kaka yako akakohoa. Anapokohoa hivyo unamjua. Nikambana. Akasema blanketi lile nusu yake ni manjano, na pembeni kuna vipande viwili vya suruali yake ya kahawia. Na akasema siku ulipolipokea, kabla hujanipigia mimi, ulimpigia yeye. Ulimwuliza kama wifi anaona vizuri. Ulikuwa unalia. Naye akakuomba usiniambie, nisije nikavunjika moyo, na wewe ukakubali, kisha ukanipigia ukanisifu.

Hiyo ilikuwa Septemba ya mwaka 2023.

Nimekasirika siku mbili, nikapoa. Siwezi kukulaumu peke yako. Mwenye kuficha wa kwanza ni mimi, na mficha maradhi kilio humuumbua, huo wimbo tumeuimba tangu shule. Lakini nataka ulijue hili. Ungeniambia siku ile ningekununia. Ningesema wifi zangu hawanipendi, ningesema unaona wivu, pengine tungekaa hadi Krismasi bila kusalimiana. Kisha ningekwenda hospitali. Wewe ulinipenda, kaka yako alinipenda akavaa soksi zake, wanafunzi kumi na mmoja walinipenda wakanitungia sindano, na muda wote huo mnaonipenda giza lilikuwa linaendelea kuingia. Daktari alisema mwaka mmoja tu. Mlikuwa mmebakiza mwaka mmoja wa kunipenda hivyo.

Sitaki lirudishwe lile blanketi. Kaka yako anasema Clara analitandika kila siku na hataki kulala bila hilo, basi alale nalo, Mungu amjalie watoto juu yake. Ninachotaka ni wewe. Jicho la kushoto litafanywa tarehe 19 Agosti. Njoo, mgongo utapona njiani. Kaa kitandani kwangu asubuhi wanapofungua bandeji, na nikikuuliza naonekanaje, Evelyne, usiniambie napendeza.

Msalimie sana shemeji Clemence, mwambie mbegu za alizeti alizoomba nitakupa urudi nazo. Msalimie Clara na mumewe. Mama mkwe mwambie mkwe wake anamwombea goti, na kwamba mwanawe ameota mvi lakini bado ana sura nzuri, nimehakikisha. Kaka yako anawasalimu wote, yuko mlangoni hapa ananiharakisha, anataka aende na barua posta kabla hawajafunga. Coletha na Xaveria hawakujui lakini wanakusalimu, nimewasimulia habari zako, nzuri na mbaya.

Mungu awatunze, awape mvua ya kutosha na watu wa kuwaambia ukweli.

Ni mimi wifi yako ninayekupenda hata nikiwa nimekununia,

Eliakunda
(Mama Rogath)